Doa la mvinyo mwekundu kwenye nguo: maji ya moto, siki, peroksaidi, unga wa oksijeni, jiki au dobi?

Mvinyo ukimwagikia nguo ya mtu ukumbini, ushauri hutiririka kuliko mvinyo wenyewe. Mmoja huleta chumvi, mwingine huagiza maji ya moto, wa tatu hukumbuka chupa ya jiki iliyoko nyumbani, na mwenye nguo husimama katikati ameshika upindo wa gauni, asijue amsikilize nani. Yumkini kila mmoja wao amewahi kufanikiwa kwa njia anayoisifu, kwa kuwa aliitumia kwenye kitambaa kilichoivumilia na kwenye doa ambalo bado lilikuwa linatoka. Makala haya yanalinganisha njia sita ambazo mkazi wa Mtwara au Lindi anaweza kuzifuata kwa vitu vinavyopatikana jikoni, dukani na kwenye duka la dawa, ili msomaji aliyekwama aweze kuchagua kulingana na nguo aliyonayo.

Kinachotia doa

Wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda ya zabibu, ambayo yana rangi za jamii ya anthosayanini, jamii ileile inayoipa juisi ya choya wekundu wake. Rangi hizi hubadilika kulingana na uchachu. Penye siki au ndimu hubaki nyekundu na huyeyuka majini bila taabu, lakini penye magadi au sabuni kali hugeuka zambarau, buluu au kijivu. Pamoja na rangi hizo kuna tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni mtu anapotafuna bibo, tunda la mkorosho, au anapokunywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini hung'ang'ania nyuzi za kitambaa, na kadiri doa linavyokauka na kukaa hewani ndivyo linavyozidi kuwa la hudhurungi na gumu kutoka.

Mambo haya niliyajua kwa hasara. Shati langu jeupe la pamba lilimwagikiwa mvinyo wa Dodoma kwenye harusi mjini Mtwara, nami nikakimbilia bombani na kulifikicha kwa kipande cha sabuni ya mche. Doa jekundu liligeuka buluu ya kijivu nikiliangalia, kama wino wa kalamu uliovujia mfukoni, nikadhani shati limekwisha. Jikoni palikuwa na siki ya kachumbari. Nilipodondosha matone machache, sehemu iliyoguswa ilirudi kuwa ya waridi papo hapo, na ndipo nilipoelewa kwamba ile buluu ilikuwa rangi ileile ya mvinyo iliyobadilishwa na sabuni, wala halikuwa doa jipya. Kwa hiyo sabuni ya mche, ambayo kwetu ndiyo mkono wa kwanza wa kufulia, ndiyo ninayoomba iwekwe kando mwanzoni.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia zote kwa mambo manne. La kwanza, na kwa maoni yangu ndilo linalotawala mengine, ni kitambaa. Pamba na kitani ni nyuzi za mimea na huvumilia joto na sabuni kali, ilhali sufu na hariri hutokana na wanyama na wadudu, hivyo huharibiwa na jiki na hata na maji ya moto. Poliesta hainyonyi sana na mara nyingi doa hubaki juu juu. Zaidi ya aina ya uzi kuna rangi ya nguo yenyewe, kwa sababu khanga au kitenge kinachochuja kinaweza kupoteza rangi yake kabla mvinyo haujatoka.

Jambo la pili ni umri wa doa: lingali bichi, limekauka, au limekwisha kupigwa pasi. La tatu ni vifaa na maji. Wakazi wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, wanafahamu thamani ya ndoo ya maji, na njia inayotaka kusuuza mara nne haina gharama sawa kwao na kwa mtu aliye karibu na bomba. Huku pwani maji yanaweza kuwepo kisimani, lakini mengi ni magumu, sabuni haitoi povu na rangi ya mvinyo huelekea buluu. Kwa kusuuza doa, maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko hayo. La nne ni hatari, kwa nguo na kwa mtu anayefua.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, kuna hatua isiyobadilika: gandamiza doa kwa kitambaa safi cheupe au karatasi laini ili linyonywe, ukitoka pembezoni kwenda katikati, wala usisugue, kwa kuwa kusugua hulipanua doa na kulisukuma ndani ya nyuzi. Chumvi ina nafasi yake katika hatua hii tu. Ikinyunyizwa kwa wingi juu ya doa bichi hunyonya umajimaji na kukupa nafasi ya kufika nyumbani, lakini haiondoi rangi iliyokwisha kuingia kwenye uzi. Wengi wetu huloweka khanga mpya kwenye maji ya chumvi ili isichuje, na ni ajabu kidogo kwamba watu walewale hutegemea chumvi hiyohiyo iondoe rangi. Kung'uta chumvi mara tu inapobadilika rangi, kisha endelea na njia uliyochagua. Ama kumwagia mvinyo mweupe juu ya mwekundu, maji ya kawaida hufanya kazi hiyo bila kupoteza kinywaji.

Maji ya moto yanayomiminwa kutoka juu

Kitambaa hukazwa juu ya bakuli au sufuria kwa kamba au mpira, doa likiwa katikati, kisha maji yanayochemka humiminwa polepole kutoka kimo cha mkono hivi juu yake. Joto huyeyusha rangi na mmiminiko huisukuma kupita kwenye kitambaa hadi bakulini. Kwenye kitambaa cha meza cha pamba na kwenye doa ambalo halijamaliza saa chache, matokeo huonekana kwa macho: maji yanayoshuka bakulini huwa ya waridi, na kila mmiminiko doa hupauka.

Njia hii inataka birika na maji tu, lita mbili au tatu, hivyo haina gharama ya dukani. Inavifaa vitambaa vyeupe vya pamba au kitani na vile vyenye rangi isiyochuja. Haifai kabisa kwa sufu, ambayo hujikunja na kugandamana, wala kwa hariri, wala kwa nguo iliyoshonewa lasi ya nailoni. Doa lililokauka kwa siku kadhaa halitoki kwa maji ya moto peke yake. Vilevile, iwapo mvinyo umemwagika pamoja na mchuzi wa maziwa, mayai au damu ya nyama, joto litagandisha vitu hivyo, na hapo ni heri kuanza na maji baridi. Hatari kubwa ni kuungua, kwa hiyo anayemimina asiwe yuleyule anayeshika kitambaa, na watoto wawe mbali.

Siki na sabuni ya maji

Hapa kijiko kimoja cha siki nyeupe huchanganywa na vijiko viwili vya maji baridi na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mchanganyiko ukapakwa juu ya doa kwa robo saa, ukagandamizwa kwa kitambaa na kusuuzwa. Uchachu wa siki huiweka rangi katika hali yake nyekundu inayoyeyuka, na sabuni huinyanyua kutoka kwenye uzi.

Ni njia ya upole kuliko zote na inatumia maji machache, jambo linaloipa uzito kwa anayenunua maji kwa ndoo. Inavumiliwa na nguo nyingi za rangi, poliesta, na hata sufu na hariri, mradi maji yawe baridi na upindo wa ndani ujaribiwe kwanza. Udhaifu wake ni kwamba haiui rangi, huisogeza tu. Kwa hiyo doa bichi hulitoa vizuri, la jana hulipunguza, na la wiki iliyopita hulibakiza kama kivuli. Ndimu au limau linaweza kushika nafasi ya siki, lakini nguo isuuzwe kabla ya kuanikwa, kwa kuwa maji ya ndimu na jua la Lindi pamoja hupausha rangi ya kitenge.

Haidrojeni peroksaidi na sabuni ya maji

Peroksaidi ni ile dawa ya kuoshea vidonda inayouzwa katika chupa ya rangi nzito kwenye duka la dawa. Soma nguvu yake kwenye lebo: ya asilimia 3 hutumika kama ilivyo, na ya asilimia 6 huchanganywa kwanza na maji kwa kipimo sawa. Sehemu mbili za dawa hiyo kwa sehemu moja ya sabuni ya maji hupakwa kwenye doa na kuachwa kwa nusu saa, kisha husuuzwa. Tofauti na siki, peroksaidi huivunja rangi yenyewe mpaka isionekane tena, na yenyewe huishia kuwa maji na oksijeni.

Kwa nguo nyeupe za pamba, kitani na poliesta, hii ndiyo ninayoiona ikifanya kazi kwa haraka na kwa uchafuzi mdogo, hata kwenye doa lililolala usiku kucha. Siku ile ya shati langu, siki iliifungua njia na peroksaidi ikamaliza kazi kesho yake: povu jeupe lilikaa juu ya doa, na nilipolisuuza ilibaki duara hafifu ya manjano, ambayo mzunguko wa pili uliiondoa. Lakini nguvu hiyohiyo haibagui rangi ya mvinyo na rangi ya nguo. Khanga nyekundu yenye maandishi meusi inaweza kutoka na duara jeupe mahali palipokuwa na doa, na duara hilo halina dawa. Sufu na hariri huhitaji uangalizi wa fundi. Mchanganyiko utayarishwe kwa kiasi cha kutumika hapohapo na usifungwe kwenye chupa, kwa sababu gesi inayotoka yaweza kuipasua. Chupa iliyokaa wazi kwa miezi mingi huwa imepoteza nguvu, na asiyejua hilo huishia kulaumu njia nzima.

Unga wa kung'arisha wenye oksijeni

Huu ni unga au chembechembe zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya mjini, ambazo zikiyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu hutoa peroksaidi ileile polepole, pamoja na magadi yanayosaidia kufua. Lebo hueleza kuwa ni salama kwa nguo za rangi, na kwa sehemu kubwa ni kweli kwa rangi zilizotiwa vizuri kiwandani, ingawa upindo bado unapaswa kujaribiwa.

Joto la maji ndilo siri yake. Kwenye maji baridi unga huu hulala, na hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi joto 40 na 60. Asiye na kipimajoto achanganye sehemu moja ya maji yanayochemka na sehemu mbili za maji ya bomba, naye atapata takriban nyuzi joto 50. Nguo hulowekwa kwa saa moja hadi sita, au usiku kucha iwapo doa ni la zamani. Mwanzoni rangi inaweza kugeuka buluu kwa sababu ya magadi, na wengi hutoa nguo wakati huo wakidhani mambo yameharibika, kumbe wangesubiri.

Faida yake kubwa ni kwa madoa yaliyokauka na kwa nguo nzima nzima, kama mashuka, vitambaa vya meza na sare. Gharama yake ni fedha ya pakiti, maji ya kuloweka, na maji mengine ya kusuuza mara mbili au tatu. Hautakiwi kabisa kwa sufu na hariri. Beseni liwe la plastiki, kwa kuwa bati lenye kutu humega chuma, na chuma kikikutana na tanini hutengeneza weusi kama wa wino.

Jiki

Hakuna nyumba nyingi zisizo na jiki, na hilo ndilo linaloifanya itumike hata pasipostahili. Klorini iliyomo hufuta rangi ya mvinyo kwa dakika chache na kwa gharama ndogo. Kwa shuka jeupe la pamba tupu lililoshindikana kwa njia nyingine, sina sababu ya kuikataza: kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja ya maji baridi, dakika tano hadi kumi, kisha kusuuza sana.

Nje ya hapo hasara ni nyingi. Hariri na sufu hugeuka manjano na kuliwa. Nailoni na mpira wa kiunoni hupata manjano na kulegea. Kofia ya mkono iliyodariziwa kwa uzi wa rangi hupoteza nakshi iliyochukua wiki nyingi kushonwa. Hata pamba, ikizoeshwa jiki, huchakaa mapema na kupasuka mikunjoni. Kwa anayefua hatari ni kubwa zaidi: jiki isichanganywe kamwe na siki, ndimu au asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Aliyekwisha tumia siki asuuze nguo kabisa kabla hata ya kufungua chupa.

Kumpelekea dobi

Suti, gauni la shanga, hariri na nguo yoyote isiyopaswa kulowa ni kazi ya dobi mwenye ujuzi. Mueleze ni doa la nini, limekaa muda gani na umelipaka kitu gani, kwani ukinyamaza anaweza kupitisha pasi juu yake, na joto la pasi huligandisha. Hii ni muhimu hata kwa mvinyo mweupe, ambao hauonekani ukikauka, lakini sukari yake huungua chini ya pasi na kuacha manjano. Gharama na siku za kusubiri ndizo udhaifu wa njia hii, pamoja na ukweli kwamba si kila mfuaji wa mtaani ana vifaa vya kusafisha bila maji.

Na doa la bibo?

Msimu wa korosho, swali hili huulizwa mara nyingi kuliko la mvinyo. Maji ya bibo ni hatari kwa sababu huanguka kwenye shati la shule bila kuonekana. Mtoto hurudi nyumbani msafi, shati hufuliwa kwa sabuni, huanikwa, na jioni matone ya hudhurungi hujitokeza kifuani kama kutu. Tanini zake ni nyingi, na sabuni pamoja na hewa huzifanya zigeuke rangi. Hali ya uraka, yaani pombe ya mabibo, uliomwagikia nguo ni hiyohiyo.

Kwa bibo, maji baridi ndani ya dakika za mwanzo yana thamani kuliko dawa zote zinazofuata, yakifuatiwa na siki na sabuni ya maji. Likikauka kwenye shati jeupe, uloweke kwa unga wa oksijeni kwa usiku mzima, na urudie. Doa la hudhurungi lililofuliwa mara tatu na kupigwa pasi hupungua tu. Nguo kuukuu ya kuvaa shambani inabaki kuwa akili ya wazee wetu wakati wa kuokota korosho.

Kwa hali uliyo nayo

Ukiwa bado ukumbini, nguo ni ya rangi na huna uhakika wa kitambaa, anza na kunyonya, kisha siki na sabuni ya maji, na uahirishe mengine hadi nyumbani. Iwapo ni kitambaa cheupe cha meza cha pamba na birika liko motoni, maji ya moto yatakuokolea muda. Shati jeupe lenye doa la jana linastahili peroksaidi, na shuka au kitenge kisichochuja chenye doa la wiki nzima kinastahili unga wa oksijeni, kama una maji ya kutosha kusuuza. Mwenye ndoo mbili tu za maji Newala atafaidi zaidi kuanza na siki, na kuacha uloweko wa unga hadi awe na maji ya kutosha.

Wanaotunza vitambaa vya altare parokiani, ambavyo kwa kawaida ni vya kitani au pamba nyeupe, wana utaratibu wao wa kusuuza kwanza na kumwaga maji ya mwanzo ardhini, na baada ya hapo maji ya moto au peroksaidi huwafaa bila kugusa jiki. Nguo ya sufu au hariri ipewe maji baridi na siki kidogo, kisha ipelekwe kwa dobi.

Kwa njia yoyote, anika nguo kivulini na uitazame kwenye mwanga kabla ya kushika pasi, maana doa linaloonekana likiwa na unyevu bado linaweza kurudiwa. Na kama gauni ni la kukodi, ligandamize kwa kitambaa chenye maji baridi, usipake kitu kingine, na umwambie mwenye duka asubuhi hiyohiyo, kabla hajalikunja na kulirudisha kwenye mfuko.